Saumu ya Mlangoni

Ruwais, Jeddah
3 Machi 2026

Bwana Malachy Feerick,

Hunijui, na mimi sina desturi ya kuwaandikia watu nisiowajua. Nilipokuwa skuli nilikuwa najua jibu na nanyamaza, kwa kuogopa darasa zima ligeuke kunitazama. Lakini jana rafiki yangu kanionyesha ukurasa wako, na hasira niliyoipata ni kubwa kuliko haya zangu.

Umeandika kwamba Jerusha, Mkenya anayefanya kazi za nyumbani mjini Riyadh, amesusia chakula. Umeandika kwamba hali kitu tangu alfajiri mpaka jua linapozama, kwamba ameendelea hivyo kwa wiki mbili, na kwamba "ameuweka mwili wake mbele ya mlango wa dhuluma." Umeweka picha yake. Umeweka na picha ya lango la nyumba.

Bwana Malachy, huu ni mwezi wa Ramadhani. Baba yangu hali tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Muuza samaki hali. Askari anayeongoza magari hapa njia ya pwani hali, na ana hasira zaidi ya Jerusha. Sote tumesusa? Magharibi ikiingia Jerusha anakula sambusa kama sisi, pengine kutushinda.

Najua utasema yeye ni Mkristo. Ni kweli. Wako Wakristo wengi katika nyumba za hapa wanaofunga pamoja na wenyeji wao. Ungeuliza ungeambiwa. Nimesoma kwamba ulikaa Kenya miaka tisa ukisomesha, na kwamba ndiyo maana unakijua Kiswahili. Basi kwa miaka tisa hukupata jirani hata mmoja anayefunga?

Futa habari hiyo. Futa na picha ya lango. Umeandika kwamba ni lango la jela. Lango lile lina maua ya chuma ambayo watoto huyapanda kila Ijumaa mpaka wagombezwe. Ni nyumba ya watu wema, nawe umewatia aibu katika mwezi huu.

Arwa
(msomaji tu)

*

Kilbrannock, Ayalandi
4 Machi 2026

Bi Arwa,

Nimeshambuliwa na magazeti, na mapadri wawili, na mwenyekiti wa halmashauri aliyenirushia kiatu. Hii ni mara yangu ya kwanza kushambuliwa kwa sambusa.

Nimegombea ubunge mara sita. Najua ninavyoitwa: kichaa, mpiga kelele, mtu wa pembeni. Nilipolala barabarani kuzuia malori ya taka, walisema nimerukwa na akili. Leo lile jaa limefungwa. Mtu wa pembeni huona mambo ambayo walio katikati wameyakalia.

Sasa nikueleze kwa nini niliandika nilichoandika. Katika sheria za kale za nchi yangu, mnyonge aliyedhulumiwa na mkubwa alikuwa na silaha moja. Alikwenda kuketi mlangoni pa mkubwa huyo bila kula. Hayo tunayo damuni. Kwa hiyo Hezekiah, mjomba wake Jerusha, niliyemfundisha hisabati kule Vihiga, aliponitumia sauti ya mpwa wake akisema "mimi siku hizi sili mchana," sikuhitaji tafsiri. Mkristo, katika nyumba inayomzuia kwenda kwao, hali. Wewe ungeelewaje?

Kama ni Ramadhani, basi na iwe Ramadhani. Nitarekebisha mstari huo. Lakini mengine yote hukuyagusa, nami nimeona. Mkataba wake uliisha mwezi wa Oktoba. Aliomba kurudi nyumbani. Akaambiwa, mitihani ya watoto ipite. Akaambiwa, Ramadhani ipite. Pasipoti yake iko kabatini mwa mwajiri. Katika barua yako ndefu kuhusu futari sikuona neno hata moja la pasipoti.

Tena umeniambia kwamba watoto huyapanda yale maua ya chuma kila Ijumaa na hugombezwa. Msomaji tu amejuaje hayo?

Wewe ni nani kwao?

Malachy Feerick
Mwenyekiti, Harakati ya Mlango Wazi

*

Ruwais, Jeddah
6 Machi 2026

Mwalimu Malachy,

Vizuri. Nyumba ni ya mama yangu mdogo, Nunu, ndugu wa mama yangu. Mumewe, ami Soud, ndiye kafili wa Jerusha. Bila ya idhini yake Jerusha hawezi kusafiri. Sikusema mwanzo kwa kuwa nilijua utasema ndiyo maana nawatetea. Haya, sema.

Umefurahi kunigundua. Na mimi nimekusoma wewe. Sina kazi, nimemaliza skuli mwaka jana na bado nangoja chuo, kwa hiyo nimesoma kila kilichoandikwa juu yako. Lile jaa la taka lilifungwa kwa sababu lilijaa. Chama chako cha kwanza kilikufukuza, na chama chenyewe kilikuwa na watu kumi na mmoja. Cha pili ulikianzisha wewe, ukawa mwenyekiti, kisha ukajiuzulu kwa kuupinga uongozi. Uongozi ulikuwa wewe! Uliwahi kumshitaki mtu kwa kukuita mgomvi. Na hiyo saumu ya mlangoni unayoisifu ulikwishaifanya: ulikaa mbele ya ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri ili posta isifungwe, ukakaa siku nne, mlinzi akakuletea chipsi, ukala. Picha ipo. Posta ikafungwa.

Mtu aliyeshindwa kukaa na watu kumi na mmoja ndiye atufundishe sisi namna ya kukaa na mtu ndani ya nyumba?

Jerusha ni kama mtu wa familia. Watoto humwita khala, yaani mama mdogo. Anapika pilau ya kwetu Unguja kuliko mimi. Mamdogo Nunu kaniambia mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba Jerusha atasafiri baada ya Idi. Zimebaki siku chache. Angesafiri kimya kimya kwa heshima yake.

Sasa sikiliza ulichofanya. Jirani kauona ukurasa wako, kampelekea ami Soud. Ami kaichukua simu ya Jerusha. Mpaka wiki iliyopita alikuwa anazungumza na mwanawe kila siku akimaliza vyombo. Sasa hazungumzi na mtu. Hayo ndiyo matunda ya siasa yako, na safari hii aliyekula hasara si posta.

Arwa

*

Riyadh
9 Machi 2026

Arwa,

Kaka yako Anas amekuja kuchukua gari, nimempatia hii karatasi akuletee. Ameniambia mnaandikiana na mwalimu Malaki juu yangu. Asanteni sana. Yeye ananifanyia mgomo, wewe unanifanyia undugu, na mimi ndio sina simu.

Wewe ni msichana mdogo na sitaki kukutusi, kwa hivyo nitaongea polepole. Sijagoma. Mimi nikikosa chai ya saa nne kichwa kinanipasuka. Nafunga na wao kwa sababu sitaki kujificha chooni na mkate kama mwizi, na watoto wa watu wananiangalia. Ni hivyo tu. Nilimwambia uncle Hezekiah tukicheka, na yeye akapeleka kwa mwalimu. Huyo mwalimu hata nyumbani wanamjua, akisikia mtu amekohoa anaitisha maandamano.

Lakini wewe ndio umenikasirisha zaidi. Eti mimi ni kama familia. Ile wiki ya mvua ulikuwa hapa, ukachoka na Riyadh. Uliomba nani ruhusa? Ulisema "nataka kwenda kwetu," na kesho yake ukaenda. Mimi hayo maneno nayasema tangu Oktoba. Kwanza ilikuwa mitihani. Halafu Ramadhani, eti nani atakaanga. Na wewe umeambiwa Idi? Jumamosi nilikuwa napiga pasi, nikamsikia madam kwa simu. Anasema harusi ya Shadya ni baada ya Haji, hawezi kubaki bila mtu, nitakaa mpaka harusi. Baada ya harusi Shadya atapata mtoto, si ndio? Nitakaa nimlee.

Pasipoti yangu iko kwa kabati ya baba, ami yako. Nikitoka bila hiyo na bila huruji, hiyo karatasi yake ya kuniruhusu nitoke nchi, naandikwa mtoro. Mtoro hapa hana mlango wa kupiga hodi.

Mtoto wangu Victor alikuwa anatambaa nilipomwacha. Sasa ameanza shule. Mwalimu aliwaambia waandike jina la mama, akaandika la nyanya yake.

Usinijibu. Barua yako itasomwa kabla yangu.

Jerusha

*

Ruwais, Jeddah
12 Machi 2026

Mwalimu Malachy,

Usishangilie ninachokuandikia. Jerusha hatoondoka Idi. Wanataka abaki mpaka harusi ya binamu yangu, baada ya Haji. Mamdogo alinidanganya, au alijidanganya mwenyewe kisha akanigaia na mimi.

Nimemwambia mama. Kasema, "Nyumba ya watu hiyo, wewe ni mtoto." Nimempigia simu mamdogo. Alipopokea nikamuuliza kama Riyadh kuna joto. Nikakata.

Nieleze ile desturi ya mlangoni. Ieleze yote. Usiniambie wewe ulifanya nini na magazeti yalisema nini. Nataka kujua ilikuwa inafanyaje kazi.

Arwa

*

Kilbrannock, Ayalandi
13 Machi 2026

Bi Arwa,

Siwezi kuieleza bila kujitaja, kwa sababu kijijini kwetu mimi ndiye mpumbavu pekee aliye hai aliyeijaribu.

Mwenye haki anakwenda mlangoni pa aliyemnyima. Anakaa. Hali. Mwenye nyumba naye ana mawili: ama atoe haki, ama naye asile. Akila huku yule mwingine ana njaa mlangoni pake, amejivua heshima yake. Hata ushahidi wake haupokelewi tena na watu.

Ukiitazama vizuri utaona kwamba nguvu yote haiko kwa anayefunga. Iko kwa aliye ndani. Lazima awe mtu anayeona haya mbele yako. Mkurugenzi wa halmashauri hakunionea haya kwa sababu hakuwa na sababu. Gari lake lilipita lango la nyuma, na mimi nilikaa siku nne mbele ya mlango usiotumika. Ndiyo, nilikula chipsi. Mvua ilikuwa inanyesha na zilikuwa za moto.

Miaka arobaini nimegombana na watu ambao hawakujali kama nimekula au sijala. Aliyejali alikuwa mke wangu, naye hakuwa na mlango wa kukaliwa. Daima ulikuwa wazi. Kwa hiyo sijui desturi hii ikifanya kazi inafananaje. Nimeisoma tu.

Huu si ushauri. Wewe bado mdogo, na huna mwili wa kuchezea.

Lakini kama utafanya lolote, nijulishe kwanza. Kuna uchaguzi mdogo hapa mwezi wa Mei nami nasimama mara ya saba. Picha moja tu, msichana, lango, uso hata usionekane. Ingesafiri dunia nzima.

Malachy

*

Riyadh
22 Machi 2026

Arwa,

Naandika hii jikoni na nitaiweka chini ya sahani. Ukimaliza kusoma ichane.

Nani alikutuma? Umekuja juzi na nguo ya Idi na zawadi za watoto, nikasema huyu amekuja kusherehekea. Kumbe umekuja kukataa chakula! Tangu jana madam amenisimamisha kwa jiko. Pilau, kuku wa kupaka, tambi, mkate wa kumimina, eti labda moja itakuvuta. Mimi ndio napika, mimi ndio nakuletea, mimi ndio narudisha. Kila nikirudisha sahani imejaa ananiangalia kama mimi ndio nimekufundisha.

Baba ameniuliza mara mbili, "Umemwambia nini huyu mtoto?" Nimesema mafi, sijui kitu. Kesho wazazi wa bwana harusi wanakuja. Wakishaenda, hasira yote itashukia mimi, wewe utapanda gari urudi Jeddah.

Nilitaka kukuambia ule.

Lakini madam alikula nini leo? Nimeosha sahani yake. Hakugusa nyama.

Kunywa maji. Na kama umeanza hii kitu, usithubutu kula katikati uniaibishe.

Jerusha

*

Riyadh
24 Machi 2026

Dada Zuwena,

Salamu za lazima ni hizi, nyengine sina.

Mwanao kaja kwangu Idi, nikamfurahia, nikampa chumba cha Shadya. Siku ya pili hali. Nikadhani kaanza sita za Shawwali, nikasema mtoto huyu ana dini, si kama wangu. Magharibi nikamchukulia tende kwa mkono wangu. Akaitazama kama nimempa kokoto.

"Sijafunga, mamdogo."

"Basi kula."

"Sili."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Sauti yenyewe unaijua, mpaka uinamishe sikio. Nikamwambia, "Sema kwa nguvu, nani kakufunga mdomo?" Wallahi bora ningenyamaza. Akasimama katikati ya chumba, akasema mbele ya Soud: "Sili chakula cha nyumba hii mpaka Jerusha apewe pasi yake aende kwao."

Nilimwambia kila kitu, Zuwena. Nilimwambia kujitesa ni haramu. Nilimwambia mimi ndiye niliyemlea ulipolazwa na homa, kijiko kwa kijiko. Akalia. Akalia na hakula. Na mimi jinga, kila nikitia tonge mdomoni namuona kakaa pale mlangoni pa ukumbi, haliteremki.

Jana wakaja wakwe. Umm Nayif, mama wa bwana harusi, mtu wa Najd wa asili, na dada zake watatu. Nikampiga mwanao ukope, nikamnong'oneza, "Leo usiniumbue, keti tu." Akaketi. Kahawa ikapita. Jerusha ndiye aliyemimina. Kila mtu kanywa. Mwanao akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake, kimejaa.

Mimi nikajifanya sikuona. Lakini Umm Nayif kakiona. Akayakata mazungumzo ya mahari, akakitazama kikombe, akamtazama Arwa, kisha na yeye akaweka chake chini. Dada zake wote wakaweka. Vikombe chini, kahawa inapoa. Nikasema, "Khairi? Kahawa ina nini?" Yule bibi akaniambia kwao mgeni akiweka kikombe chini hakukinywa, ana haja kwa mwenye nyumba, na ni aibu mtu yeyote kunywa mpaka aulizwe haja yake na apewe. Akamgeukia Arwa: "Sema, binti yangu. Una haja gani?"

Mila hiyo mimi nimezaliwa nchi hii na sijawahi kuifuata! Sisi watu wa Unguja kahawa tunakunywa! Na mwanao hakuijua, nimemuona alivyokodoa macho. Lakini alisema. Safari hii hakuhitaji kuambiwa aseme kwa nguvu.

Umm Nayif akaniuliza, "Huyu mfanyakazi mkataba wake umekwisha?" Ningesemaje, na Jerusha kasimama pale na dele la kahawa mkononi? Nikasema umekwisha. Akasema, "Basi ni jambo dogo." Jambo dogo! Soud akaitwa kutoka kwa wanaume, akaleta pasi, akatoa na huruji kwa simu pale pale. Ndipo yule bibi akanyanyua kikombe chake akanywa.

Harusi ipo, alhamdulillahi. Kanisifu kwa ukarimu wangu. Ukarimu!

Anas aje amchukue dada yake. Sitaki kumuona tena nyumbani kwangu.

Nunu

*

Kilbrannock, Ayalandi
30 Machi 2026

Bi Arwa,

Hezekiah ameniandikia. Jerusha amefika Vihiga! Nimesoma ujumbe huo nimesimama.

Ilifanya kazi. Baada ya miaka elfu, imefanya kazi, na si hapa bali Riyadh. Nimeshaagiza vipeperushi vya uchaguzi: picha ya Jerusha upande mmoja, na upande wa pili maneno "Desturi yetu yamtoa mateka Arabuni." Wewe sitakutaja kwa jina, nitasema tu "mwanafunzi wangu."

Niandikie ilivyokuwa, haraka, kabla ya vipeperushi kwenda kwa wapiga chapa. Hasa nataka kujua siku ngapi, na kama alikuwepo mwandishi wa habari.

Wako katika harakati,
Malachy

*

Ruwais, Jeddah
2 Aprili 2026

Mwalimu Malachy,

Mimi si mwanafunzi wako. Jerusha hakuwa mateka wa kipeperushi chako. Na desturi yako haikumtoa.

Nilikwenda na desturi yako, ni kweli. Nilikaa mlangoni pa ukumbi wa mama yangu mdogo, na njaa ilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani, na mbaya zaidi ilikuwa kumuona yeye anashindwa kumeza. Siku ya tatu nilikuwa tayari kula. Nakuambia ukweli. Nilikiweka kikombe cha kahawa chini kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka na niliogopa kumwaga. Mwanamke mmoja wa hapa akaona kitu ambacho mimi sikukiweka: mila ya watu wake, mgeni mwenye haja. Akaniuliza. Basi nikasema. Wewe uliona mgomo mahali palipokuwa na saumu, naye kaona ombi mahali palipokuwa na kizunguzungu. Tofauti ni kwamba yeye aliuliza kwanza.

Anas alitupeleka uwanja wa ndege. Jerusha hakuniambia asante njia nzima, na sikuingoja. Ya nini aniambie asante kwa pasi yake mwenyewe? Pale kwenye foleni akaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekunywa chai. Akafungua mkoba akatoa mandazi mawili yaliyofungwa kwa karatasi. "Unga nilinunua mimi," akasema. "Si wa madam." Akasimama mpaka nikamaliza yote mawili. Kisha akaniambia picha yake iliyo kwako ifutwe, kwa sababu mwanawe ameanza kusoma na hataki amuone mama yake chini ya neno njaa. Akaingia ndani. Hakugeuka.

Mama hasemi na mimi isipokuwa "funga dirisha." Mamdogo hataki jina langu litajwe. Nimempenda tangu sijaota meno, nami nilimtia haya mbele ya wakwe zake. Hilo ni langu. Wewe huna fungu humo, na usilitafutie.

Futa picha.

Arwa

*

Kilbrannock, Ayalandi
24 Mei 2026

Bi Arwa,

Kabla ya barua yako kufika vipeperushi vilikuwa vimeshachapishwa. Nilikaa mezani na kalamu ya wino mweusi nikaufunika uso wake kwenye kila kimoja, na yale maneno pia. Kilichobaki ni jina langu na doa jeusi. Wapiga kura walidhani ninaficha kashfa. Mmoja aliniambia hiyo ndiyo kampeni yangu ya kwanza aliyoielewa.

Katika kura sikuwa wa mwisho. Nyuma yangu alikuwepo mtu aliyejitoa karatasi za kura zikiwa zimeshapigwa chapa.

Ukurasani nimefuta picha zote. Mahali pake sikuweka kitu, na si tabia yangu. Bado naamini nilikuwa sahihi kuhusu pasipoti.

Malachy Feerick

*

Riyadh
5 Juni 2026

Arwa,

Sikuandikii kwa kuwa nimekusamehe. Nakuandikia kwa kuwa Shadya kalia siku mbili, kasema hatoki chumbani kwa harusi yake wewe usipokuwepo, na mimi sina nguvu za wasusaji wawili katika mwaka mmoja.

Amekuja msichana mpya, Mourine. Pasi yake anakaa nayo mwenyewe. Ami yako kakataa hata kuishika, kasema hataki shari na vikombe vya watu. Usijione wewe ndiye sababu. Huyu Mourine hajui kukaanga hata kitunguu. Nasimama jikoni mwenyewe tangu alfajiri, miguu imevimba, na kila nikiivuta sufuria nakutaja, na sikutaji kwa kheri.

Umm Nayif kila akija anauliza, "Yuko wapi yule binti wa kahawa?" Nimemwambia uko masomoni. Usiende ukasema vyengine.

Harusi ni Alkhamisi. Anas atakuleta na mama yako. Nguo yako ya kijani haifai, kashone. Hutokaa na wasichana wenzako. Nimekuwekea kiti meza ya mbele, mkabala na mimi, na biriani nitakupakulia mimi kwa mkono wangu. Utakaa pale nikuone. Na utakula, Arwa, utakula mpaka mimi niseme halas.

Mama yako mdogo,
Nunu